Jaketi Lililobanwa Kiuno

Fundi alishonea chumba cha mbele. Mke wake alioka mikate chumba cha nyuma. Jioni, upepo ulipochangamka mtoni, mke alivua aproni, akabeba ubao wake wenye tanga, akaenda kuteleza juu ya maji. Fundi alimpenda mke huyu kupita kiasi, na matatizo yalianzia hapo hapo.

"Jaketi hili la kuelea linanifanya gunia," mke alilalamika siku moja, akijitazama kwenye kioo cha wateja.

"Niachie mimi, mama," Fundi alisema.

Akafumua mishono, akapunguza sponji za ubavuni, akabana kiuno. Jaketi likamkaa vizuri ajabu. Mke akajigeuza mbele ya kioo, akacheka, akaenda zake mtoni.

Fundi alikuwa akipiga pasi suruali ya mteja mlango uliposukumwa. Jirani yao, nahodha wa kivuko, aliingia amemshika mke wa Fundi mkono. Mke alikuwa amelowa chapachapa, anakohoa maji.

"Shemeji, nani amelichezea jaketi hili?" nahodha aliuliza. "Nimemvuta kwa kamba, maji yamemfika puani!"

"Ni mimi," Fundi alisema kwa sauti ndogo. "Nilitaka apendeze."

"Sponji ndiyo inayomwinua mtu. Ukiitoa, umemvalisha fulana tu."

"Nitairudisha sasa hivi!"

"Hapana. Jaketi likishakatwa, halifai tena. Mnunulie jipya, limkae kama lilivyo." Nahodha akamgeukia mke. "Na wewe, dada, kwa nini uliuacha ubao?"

"Nilidhani nitaogelea hadi ukingoni."

"Mkondo unamshinda hata mwogeleaji hodari. Ubao unaelea. Ukianguka, ung'ang'anie, upunge mkono, usubiri msaada. Na kabla ya kuingia, tazama upepo, tazama na maji. Vikipingana kama leo, mawimbi yanainuka. Vikienda pamoja, vinakupeleka mbali, kurudi ni kazi. Upepo ukizidi nguvu zako, usiingie. Tena usiende peke yako. Awepo mtu wa kukuangalia."

Fundi alimfunika mke wake blanketi.

"Nusura nikuue kwa mkasi wangu," alisema, machozi yakimlengalenga.

"Hujaniua. Nichemshie chai, baridi ndiyo itaniua."

Wakanunua jaketi jipya, nene kweli kweli. Mikono ilimwasha Fundi kila alipoliona, lakini mkasi hakuugusa. Alikaza mikanda yake tu, mmoja mmoja. Kisha akafunga duka mapema, akaketi ukingoni na filimbi shingoni, kama mwamuzi wa mpira asiye na timu.

Walitazama upepo, wakatazama maji, wakakubaliana. Mke akaingia. Hakukawia, upepo ukalikamata tanga, akaanguka. Moyo wa Fundi ulidunda kama cherehani. Akapuliza filimbi mpaka mashavu yakauma.

Kichwa cha mke kikaibuka mara moja, kikabaki juu. Aliukumbatia ubao, akapunga mkono. Kivuko kikageuka taratibu, nahodha akamtupia kamba, akamleta ukingoni. Hakukohoa hata kidogo.

"Haya, fundi wangu," mke alisema, maji yakimtiririka. "Si nafanana na gunia?"

"Gunia hasa," Fundi alisema. Akamkumbatia hivyo hivyo, na jaketi lake, na maji yake. Mikono yake haikuweza kuzunguka kiuno, na wala hakujali.