Roho Zilizobaki Kwenye Bodi

Jua lilikuwa linazama fundi wa televisheni alipofika kwenye bodi ya mwisho. Kaka yake, aliyekuwa na ukumbi wa mashine za gemu, alifariki wiki mbili nyuma, na gunia zima la bodi kongwe za mashine hizo alimwachia mdogo wake badala ya mkewe. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Nzima angewauzia watu wanaokusanya vitu vya zamani. Mbovu angezivunja, shaba iende kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Hii ya mwisho ilikuwa na ufa na kutu. Akachukua koleo.

"Hiyo usiivunje."

Mjane wa kaka yake alikuwa amesimama mlangoni. Hawa wawili walikuwa paka na panya tangu zamani, na gunia lile ndilo lililotia chumvi kwenye kidonda.

"Basi nitaiuza, shemeji."

"Wala usiiuze."

"Haivunjwi, haiuzwi. Niioe?"

Hakucheka. Aliingia, akafunga mlango, akanong'ona, "Hiyo imetengenezwa."

Fundi akaigeuza chini ya taa. "Na nani? Lehemu zote hizi ni za kiwandani."

"Sisemi kutengenezwa kwa fundi."

Hapo akaelewa. Hasira zikampanda, maana alimjua mwanamke huyu: angeweza hata kuzusha uchawi ili mali irudi kwake. Akaiunganisha bodi kwenye televisheni ya majaribio. Auone huo uchawi wenyewe.

"Shemeji, nakuomba..."

Akawasha.

Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa kibandani. Kioo kikaonyesha kijitu cha kijani, daraja lililokatika katikati, na pembeni, pale wachezaji wanapoangalia wamebakiwa na roho ngapi, tarakimu moja.

2.

"Hizi huanza na roho tatu," fundi alisema. "Zote huanza na tatu."

"Zilikuwa tatu. Kaka yako alitaka ukumbi ujae watu. Kwa mganga alikokwenda akaambiwa ataje majina, moja kwa kila roho. Akajitaja yeye, akanitaja mimi, akakutaja wewe." Sauti yake ilisikika kwa shida. "Siku aliyoanguka, kuna mtu alikuwa anaicheza hiyo."

"Na ukanyamaza?"

"Ungeniamini, wewe?"

Asingemwamini, na alijua hivyo. Akanyoosha mkono azime.

Kling...

Ilikuwa sauti ya sarafu ikidumbukia. Hakuna aliyeweka sarafu. Hapakuwa hata na mahali pa kuiweka. Kijitu cha kijani kikaanza kukimbia kuelekea darajani.

Shemeji akamdaka mkono. "Ikishaanza haizimwi. Aliambiwa hivyo. Ukiizima zinakwenda zote."

"Nifanye nini sasa?"

"Cheza. Kirushe."

"Kwa kutumia nini? Sijaunganisha vitufe."

Akapapasa mezani, akaangusha bisibisi, akashika waya usiokuwa wenyewe. Kijitu kilikimbia bila haraka. Kikafika ukingoni. Kikatumbukia.

Kimya...

1.

Fundi akajishika kifua. Moyo ulikuwa unadunda. Upande wa pili wa meza, shemeji naye alikuwa amejishika chake, macho hayabanduki usoni mwa fundi.

"U mzima?" akanong'ona.

"Mzima. Na wewe?"

"Mzima."

Roho moja ilikuwa imekwenda, na hakuna aliyefurahia jibu la mwenzake.