Mkono wa Mfukoni

Amplifaya ilikuwa inavuma, na waya wake umekunjwa juu ya kabati.

Hilo ndilo lililomtoa mjane nyumbani asubuhi, pini bado zimechomekwa kifuani mwa gauni lake, hadi kwenye kibanda cha fundi wa redio. Alisimama mlangoni kwanza, akavuta pumzi. Alikuwa mshonaji, mwanamke wa kupima na kukata, si mtu wa kuweweseka ovyo.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "ile mashine ya marehemu inavuma yenyewe. Haijachomekwa popote."

Fundi hakuwa shemeji yake wa damu. Alikuwa rafiki wa mumewe tangu ujanani, na kwa watu wa aina hiyo ushemeji hauna mjadala. Mtaani walimwita Mkono Mmoja. Kila alipofungua kifaa chenye umeme mkali aliutia mkono wa kushoto mfukoni, akafanya kazi kwa wa kulia peke yake. Ni tahadhari ya mafundi wa zamani: umeme ukiingia mkono huu na kutokea ule, umeshapita moyoni. Wateja walimtania kwamba mfukoni anaficha karanga asije akawagawia.

"Hizi za valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani, ndivyo zilivyo," alisema bila kuinua macho kwenye redio aliyokuwa anaikaza skrubu. "Ndani kuna vikopo, vinaitwa kapasita. Vinashika umeme hata ukichomoa plagi. Usiogope."

"Siku tatu, shemeji?"

Fundi aliendelea kukaza.

"Na binti anasema inambusu."

Bisibisi ikasimama.

"Akishika nyuzi za gitaa, halafu akisogeza midomo kwenye maiki aimbe, inambusu. Anacheka, shemeji! Anasema ni baba yake. Jirani anasema hilo ni jini, nilitoe uani nilichome moto. Nami Jumamosi mwanangu anapiga ukumbini, mara ya kwanza tangu tuzike. Nimwambie nini?"

Fundi aliweka bisibisi chini. Jini hakulijua, lakini busu la umeme alilijua. Alilijua kwa sababu ni yeye aliyeliweka pale.

Miezi minane nyuma, marehemu, ambaye wote walimwita Solo kwa jinsi alivyopiga lile gitaa la mbele, alimletea amplifaya hii hii. Ilikuwa inanguruma kila akiiunganisha na mashine ya kurekodia, na wenzake walikuwa wanamsubiri. Fundi aliujua ugonjwa, na dawa yake ya kweli ilitaka nusu siku. Akafanya ya mkato. Alifungua plagi, akakata waya wa ethi, ule wa tatu, unaopeleka ardhini umeme uliopotea njia. Mngurumo ukakoma papo hapo, na Solo akampiga busu la paji la uso kwa furaha.

"Leo tu," fundi alimwambia. "Kesho niletee niurudishe."

Kesho hiyo Solo hakuja, na fundi hakumfuata. Baada ya wiki tatu Solo alikutwa sakafuni katika chumba chake cha mazoezi, gitaa kifuani, midomo imeungua kidogo. Daktari akasema ni moyo. Mkono Mmoja alibeba jeneza upande wa kichwa, akalia kuliko ndugu, na hakusema neno. Mimi simtetei.

Sasa alichukua kisanduku chake cha vifaa akamfuata mjane.

Chumba cha mazoezi kilikuwa nyuma ya kile cha cherehani, kimetenganishwa na mlango wenye pazia. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linaingia dirishani, nje mtu anaosha baiskeli na kupiga mluzi. Amplifaya ilikaa pembeni, kubwa, nyeusi. Ilikuwa kimya. Lakini chumba kilikuwa na harufu mbili. Ya kwanza ni ya vumbi lililoungua, harufu ya valvu zikipata moto, ingawa hakuna aliyeziwasha. Ya pili ilikuwa chini ya ile, na ilimfanya fundi ashike ukuta: mafuta ya nywele ya Solo.

Binti alikuwa ameketi na gitaa mapajani. Alikuwa na miaka kumi na tisa na vidole virefu vya baba yake.

"Shikamoo baba mdogo. Umekuja kumfukuza?"

"Marahaba. Nimekuja kukufundisha kwanza. Hii si redio ya kuwasha tu." Aliongea haraka, kama mtu anayepita makaburini. "Kwanza unganisha spika. Usiwashe kamwe bila spika, utaiua mashine. Halafu swichi hii, ya kupasha moto. Hesabu hadi sitini, valvu zikolee rangi ya chungwa. Ndipo ya pili. Ukimaliza iache ipoe kabla ya kuibeba. Nyuma usifunike kitambaa. Na ndani usiguse hata kama imechomolewa mwaka mzima."

"Kwa nini?"

"Mle ndani kuna umeme wa kuua mtu. Ndiyo maana unatakiwa uwe na njia ya kwenda ardhini. Umeme uliokosa ardhi hutafuta mtu."

Binti alimtazama. "Na baba ulimfundisha hivyo?"

"Nilimfundisha," fundi alisema, na hapo mashine ikavuma.

Ulikuwa mvumo mdogo, wa chini, na ulipanda na kushuka. Haukuwa wa umeme, kwani wa umeme hunyooka bila kubadilika. Huu ulikuwa na pumzi. Nyuma ya pazia cherehani ya mjane ilisita.

"Unasikia?" mjane alinong'ona. "Unasikia, shemeji?"

"Tokeni nje wote wawili. Fungeni mlango."

Walipotoka alipiga moyo konde, akageuza mashine, akafungua mgongo wake, akautia mkono wa kushoto mfukoni. Kwa mkono wa kulia alichukua waya wenye kizuizi, akagusisha kapasita moja baada ya nyingine ili kuzimaliza nguvu. Hata cheche haikutoka. Hapakuwa na umeme wowote mle ndani, na mvumo uliendelea. Aliona kapasita moja kuukuu iliyotoa jasho la mafuta, ndiyo iliyokuwa ikivujisha umeme kwenye bati la mashine, na bati hilo limeungana na nyuzi za gitaa. Aliing'oa akaweka mpya. Kisha alifungua plagi, na ule waya wa tatu ulikuwa pale, umekatwa vilevile alivyoukata yeye, ncha yake inang'aa kana kwamba umekatwa asubuhi hiyo.

"Mwambie," ilisema spika.

Fundi hakugeuka, maana alijua kwamba akigeuka hataweza kumaliza, na asipomaliza binti atasogeza midomo kwenye maiki Jumamosi mbele ya watu wote, kwa hiyo aliendelea kumenya ule waya kwa mkono mmoja, ameikanyaga plagi kwa kiatu, jasho likimdondoka puani, huku harufu ya mafuta ya nywele ikizidi kuwa nzito mpaka akawa kama mtu aliyeinamiwa begani, na ile sauti, ambayo alikuwa ameisikia ikiimba harusini kwake mwenyewe, ikirudia polepole, bila hasira, mwambie, mwambie, mwambie, naye akijibu kwa midomo isiyo na sauti, nitamwambia, ngoja nifunge kwanza, nitamwambia, hadi waya ulipoingia kwenye pini yake na skrubu ikakaza.

Alichomeka plagi ukutani. Mvumo ukakatika. Harufu zikaondoka, na mluzi wa mwosha baiskeli ukasikika tena dirishani.

Mlango ulifunguka kidogo. "Kimetoka?" mjane aliuliza.

Alikuwa ameshika utepe wa kupimia kama mtoto anavyoshika nguo ya mamake, na macho yake yalikuwa mekundu. Fundi aliyatazama macho yale. Alikuwa na neno lote kamili ulimini.

"Vumbi tu, shemeji," alisema. "Vumbi na kapasita mbovu."

Ndipo alipohisi vidole mfukoni.

Vilikuwa vya baridi, vilipita katikati ya vidole vyake kimoja kimoja, bila haraka, vikajifunga. Ncha zake zilikuwa ngumu. Ni sugu za nyuzi, wanazo wapiga gitaa wote mkono wa kushoto. Fundi alivuta mkono wake. Haukutoka. Alivuta tena, kitambaa cha suruali kikalia, na mjane akauliza kama ameumwa na kitu.

"Ganzi," alisema. "Itaisha."

Haikuisha. Siku mbili alikula kwa mkono mmoja, na alilala na suruali. Mkewe alipojaribu kuingiza mkono mfukoni aone kuna nini, aliutoa upesi, akauliza kwa nini mle ndani pana baridi hivyo, na hakuuliza tena.

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa. Fundi alisimama nyuma, karibu na mlango. Alimwona binti akiunganisha spika kwanza. Alimwona akibonyeza swichi, akihesabu kwa midomo, valvu zikikolea. Kisha binti alishika nyuzi, akasogea kwenye maiki, na fundi akafumba macho.

Binti aliimba.

Hakuna kilichombusu. Sauti ya gitaa ilitoka safi, nene, watu wakanyamaza, kisha wakaanza kupiga makofi kabla wimbo haujaisha. Mtoto alikuwa salama. Hilo fundi alilifanya, na ni lake, hakuna wa kumnyang'anya. Lakini mfukoni vile vidole vilikuwa vinatembea juu ya kiganja chake. Vilikuwa vinabana nyuzi ambazo hazipo, na kila binti alipobadilisha sauti, vyenyewe vilikuwa vimeshabadilisha, kidogo tu mbele yake, kama mwalimu.

Wimbo ulipoisha, mjane alipenya katikati ya watu, machozi yanamtiririka na anacheka.

"Shemeji, umeniokolea mwanangu," alisema. "Mungu akulipe. Binti kaniambia umeme wa mle ndani huua, basi si moyo uliomchukua baba yake. Laiti yule bwana angekuletea wewe uiangalie kabla! Leo angekuwa hapa."

Vidole vikabana. Fundi alisikia mfupa wake ukilia.

"Nipe mikono yote miwili nikushukuru," mjane alisema, akanyoosha yake.

Fundi alimpa wa kulia. Jasho lilikuwa limemlowesha shati lote, na midomo yake ilianza kuwasha, kama imeguswa na kitu cha moto.

"Huu mwingine, shemeji," alisema, "umeshikwa."