Dakika Tano za Silikoni

Saa 4:41 asubuhi. Kyaruzi aliweka simu mezani, mlio ukiwa juu kabisa.

Bastola yake, Glock, ilibaki kiunoni.

Joanitha, ofisa wa usalama aliyejifanya fundi, alifungua sanduku la vipimo. Fundi halisi wa vizibo vya masikio aliyeitwa kutoka Mwanza alikuwa amezuiliwa tangu alfajiri. Hapa Bilele, ndani ya nyumba ya kupanga, Kyaruzi hakulijua hilo.

Muleba, ndani ya ghala la samaki, mvuvi Masalu alikuwa amefungwa kamba. Ndiye aliyetoa taarifa za bunduki ambazo Kyaruzi alizivusha ziwani. Mlinzi aliyewekwa hapo alikuwa na amri moja: akiona mgeni, ampigie Kyaruzi simu. Kyaruzi akisema "maliza", Masalu anakufa. Bila sauti hiyo, mlinzi hafyatui risasi.

"Vizibo vya dukani nimenunua mara mbili," Kyaruzi alisema. "Nikilaza shavu kwenye kitako cha bunduki, vinachomoka. Vyako vitakaa?"

"Vinachongwa kwa umbo la sikio lako, mzee. Mlio wa risasi unazuiwa. Hatua za mtu nyuma yako utazisikia."

"Hizo ndizo nazitaka, waitu," Kyaruzi alisema, akimwita kwa heshima ya Kihaya.

Joanitha alimulika sikio.

"Masikio haya walimu waliyavuta miaka saba," Kyaruzi alisema. "Angalia kama yamebaki ya kupima."

"Yamebaki."

Alisukuma ndani sifongo ndogo yenye uzi, kuikinga ngoma ya sikio. Akachanganya silikoni. Akaishindilia kwa bomba.

Sikio la kulia likajaa.

Kyaruzi akamdaka mkono. "La kushoto baadaye. Siwezi kuwa kiziwi saa za kazi."

"Sawa. Lakini taya likisogea kabla sijapima la pili, vizibo havitalingana. Kimoja kitavuja sauti."

"Unanitisha, dada?"

"Nakueleza. Masikio ni yako."

Kyaruzi aliitupia jicho simu mezani.

"Dakika ngapi?"

"Tano. Usiongee. Usimeze mate."

Aliuachia mkono.

Saa 4:52. Masikio yote mawili yalikuwa yamezibwa. Joanitha alimgeuza aelekee dirishani, meza ikabaki nyuma yake. Akamshika kidevu. Kisha akabonyeza kitufe cha saa yake mara mbili.

Muleba, Ishengoma, kiongozi wa kikosi, aliipokea ishara.

"Ingieni," alisema redioni.

Saa 4:54. Simu ililia mezani.

Kyaruzi alitazama migomba nje.

Ililia mara saba. Ikanyamaza. Ikalia tena. Macho ya Joanitha hayakutoka sikioni.

Mlio wa nne ulikatika katikati.

Kipokea sauti kilichofichwa chini ya kilemba cha Joanitha kikakoroma.

"Mlinzi tunaye. Masalu mzima."

"BADO?" Kyaruzi alipaza sauti.

Joanitha aliichomoa Glock kiunoni mwa Kyaruzi. Akarudi hatua mbili, akamlenga kifuani.

"Uko chini ya ulinzi."

Kyaruzi aliitazama midomo yake. "UNASEMAJE?"

Kwa kidole Joanitha alimwonyesha sikio la kulia. Kyaruzi akavuta uzi taratibu. Silikoni ilitoka nzima, bila ufa.

"Uko chini ya ulinzi," Joanitha alirudia. "Mikono kichwani."

Safari hii alisikia.

Saa 5:06 askari wawili walimtoa kwa pingu. Joanitha alifunga sanduku, akavuka barabara kwa miguu bila kugeuka.

Saa 5:11 Ishengoma aliripoti: Masalu amepanda gari la wagonjwa mwenyewe, bila kushikwa mkono.