Tekla na Daftari la Baridi

Ta!

Kipande cha mwanzi kilipasuka motoni, na Tekla akafumbua macho gizani. Mlio huo aliuzoea kuliko sauti ya jogoo. Mama yake alikuwa ameamka kitambo, yuko jikoni anachochea moto, na mwanzi mkavu ukishika moto kwenye pingili hupasuka hivyo hivyo.

"Tekla! Umeamka, au bado unabishana na blanketi?"

"Nimeamka, Mama. Blanketi ndilo halitaki kuniachia."

Mama alicheka. Alimpa bakuli la uji wa ulezi, naye Tekla akalishika kwa mikono miwili ili kwanza apashe vidole moto. Ilikuwa Juni ya mwaka 1956, na huko milimani Mufindi, upande wa Iringa, Juni si mwezi wa mchezo. Asubuhi ukizungumza, maneno yako yanatoka na moshi.

Tekla alikuwa na miaka kumi na miwili, na mwezi huo zamu ya daftari ilikuwa yake. Uwanjani pa shule yao palikuwa na kisanduku cheupe kilichosimama juu ya mguu mmoja, na ndani yake kipimajoto. Padre Anselmi ndiye aliyekileta kutoka kwao Ulaya, kwenye milima yenye theluji. Siku moja alikuja na pikipiki yake na picha ya watu waliosimama juu ya mbao mbili ndefu, wanateleza kushuka mlima mweupe.

"Si wanaanguka, Padre?" aliuliza Mika, mvulana aliyekaa dawati moja na Tekla.

"Sana! Mimi nimeanguka kuliko nyinyi wote mkijumlishwa," alijibu Padre, na darasa zima likacheka. Kisha uso wake ukatulia. "Lakini kabla ya kupanda, tunamuuliza mtu mwenye daftari. Usiku baridi ilikuwa kiasi gani? Upepo ulivuma kutoka wapi? Theluji mpya imeanguka juu ya theluji ngumu ya zamani? Maana upepo ukiirundika upande mmoja, na chini yake kuna utelezi, rundo lote linaweza kuporomoka na kuwafunika watu. Mwenye daftari akibahatisha, mlima haubahatishi."

Theluji hawakuwa nayo, lakini sakitu walikuwa nayo, ule umande unaoganda ukawa mweupe kama chumvi na kuunguza mimea. Na watu wa huko walikuwa na vinyungu, yaani bustani za bondeni zinazolimwa kiangazi, ambako udongo hubaki na maji. Maharage ya Mama, viazi vya jirani yao Bibi Severina, vyote vilikuwa bondeni. Na baridi, alivyowafundisha Mwalimu Liberatus, ni nzito. Usiku, baridi hutambaa kushuka bondeni kama maji.

Kwa hiyo kila jioni saa kumi na mbili, mwenye zamu alisoma kipimajoto, akaangalia mawingu, moshi wa nyumba na mlima wa ng'ambo, akaandika aliyoyaona. Joto likishuka chini ya digrii kumi, mbingu zikiwa wazi na moshi ukipanda wima, Mwalimu aligonga rimu kuukuu ya lori lililoharibikia njiani likitoka Mbeya. Watu wakiisikia, hushuka kufunika vinyungu kwa nyasi. Tangu rimu ianze kulia, wengi waliacha hata kutoka nje kuangalia nyota.

Ijumaa hiyo Mwalimu alikuwa na mafua makali, amejifungia nyumbani kwake kando ya shule. Saa kumi alasiri Tekla alikuwa anafagia darasa, mara akasikia vicheko kutoka kilimani. Mika alikuwa amepasua mianzi mikubwa katikati na kuikunja ncha kwa moto. Watoto walisimama juu yake na kuteleza kwenye majani makavu, mmoja baada ya mwingine, puu!

"Tekla! Njoo uone Ulaya!" Mika alipaza sauti. "Au unamngoja Padre akushike mkono?"

"Nina daftari mimi!"

"Daftari lina miguu? Litakimbia?"

Tekla aliangalia kipimajoto. Digrii kumi na saba. Mawingu yalikuwepo, tena mengi. Jana joto lilishuka mpaka kumi na mbili. Basi leo, kwa mawingu haya, itakuwa kumi na tatu. Akainama, akaandika kwa mwandiko wake mzuri kwenye nafasi ya saa kumi na mbili: *Digrii 13. Mawingu. Moshi unainama. Mlima unaonekana.* Akaliacha daftari dirishani kwa Mwalimu, kama ilivyokuwa kawaida, akatimua mbio.

Lo, aliteleza! Mara ya kwanza aliangukia kichaka. Mara ya pili alifika chini amekaa, mwanzi umemtangulia. Mara ya tano alifika amesimama, mikono juu, na hata Mika akapiga makofi. Hakuna aliyeona jua likizama wala mawingu yakiondoka moja moja.

Alipofika nyumbani giza lilikuwa limeingia. Mlangoni akasimama. Nyayo zake ziliuma kwa baridi. Akatazama juu: nyota tupu, hadi kwenye ncha za miti. Moshi wa jiko lao ulipanda wima kama fimbo.

Mama alikuwa ameketi, anamnyonyesha Bartholomeo, mdogo wake Tekla.

"Kaa ule, mwanangu. Leo hewa inauma kidogo, lakini rimu haijalia. Tushukuru, tutalala."

Tekla alirudisha tonge la ugali sahanini. Aliyaona yale maharage yao, yenye majani mawili mawili tu, machanga kama Bartholomeo. Ndiyo yaliyokuwa yawavushe mpaka mavuno, na Baba alikuwa mbali kwenye mashamba ya chai mpaka mwisho wa mwezi.

"Mama," alisema. "Rimu haijalia kwa sababu yangu. Sikusoma kipimajoto saa kumi na mbili. Nilibuni."

Mama alimwachisha Bartholomeo ziwa. Kisha akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga.

"Kukugombeza nitakugombeza kesho, mchana kweupe. Sasa hivi kimbia kwa Mwalimu. Mimi naanza kushusha nyasi."

"Nyasi zipi?"

"Za kuezekea jiko. Nyingine ziko wapi?"

Mwalimu Liberatus alifungua mlango akiwa amejifunika blanketi hadi masikioni. Tekla alimwambia yote kwa pumzi moja. Mwalimu alichukua taa, wakaenda pamoja kwenye kisanduku cheupe.

"Soma," akasema.

"Digrii saba, Mwalimu."

Mwalimu akaikimbilia rimu. Ngaa! Ngaa! Akapiga chafya. Ngaa! Akapiga nyingine. Kijiji kizima kilitoka.

"Kamwene, Mwalimu! Si jioni rimu ilinyamaza, tukajua kuna mawingu leo?" Bibi Severina alimsalimu na kumuuliza, amebeba mzigo wa nyasi kichwani. "Mawingu yenyewe yako wapi, kwenye chungu chenu?"

Tekla alitamani kujificha nyuma ya blanketi la Mwalimu. Badala yake akasogea mwangani.

"Ni mimi, Bibi. Niliandika nisichokiona. Nipe huo mzigo nikubebee."

Bibi alimtazama, akaguna. "Haya, chukua. Na mwingine uko mlangoni kwangu, usidhani umemaliza."

Bondeni hawakuonana. Mwezi ulikuwa haujatoka na mienge haikutosha. Ndipo Mika alipoangalia mwanzi wake wa kuteleza, akauangalia mara ya pili, akauchoma kwa moto.

"Kwaheri, Ulaya," akasema kwa huzuni, na watu wote wakaangua kicheko. Watoto wengine nao wakaleta ya kwao. Mianzi ikawaka, ta! ta! ta!, na kwa mwanga huo watu wakafunika tuta baada ya tuta. Wanawake walianzisha wimbo wa kulimia, wanaume wakaitikia. Tekla alibeba nyasi mpaka mikono ikawasha, na shughuli ilipokwisha Bibi Severina mwenyewe alimfunika kwa pembe ya shuka lake.

Asubuhi bonde lilikuwa jeupe kutoka upande hadi upande. Watoto walikanyaga majani yaliyoganda ili wayasikie yakivunjika, wakalamba vidole, wakapiga kelele za furaha. Mama aliinua nyasi polepole. Chini yake maharage yalikuwa ya kijani, mabichi, yana umande. Akacheka peke yake kama msichana.

Lakini kabichi za shule zilikuwa nyeusi zote. Mwalimu alikuwa akigonga rimu, na hakuna aliyekumbuka kuzifunika. Tekla alisimama mbele yake machozi yanamtoka.

"Nitazipanda upya, Mwalimu. Kila mche."

"Utazipanda, nami nitakusaidia, mafua yakiniruhusu." Mwalimu alipenga kamasi, kisha akafungua daftari. "Unaiona hii kumi na tatu? Kwenye karatasi ni wino tu. Lakini jana mama yako alitaka kuilalia. Bibi Severina pia. Mtu anayeandika kwa niaba ya wenzake huwaazima macho yake, Tekla. Ukiona, andika. Usipoona, sema hukuona, hakuna atakayekucheka. Na jana ulikuja kusema ukweli wakati bado unafaa. Ndiyo maana maharage yapo."

Aliikata ile kumi na tatu kwa mstari, na pembeni Tekla akaandika saba kwa mkono wake mwenyewe.

Zamu hakunyang'anywa. Jumatatu jioni ukungu mzito ulishuka kutoka msituni. Kilimani Mika alikuwa amepasua mwanzi mpya, na sauti yake ilisikika ikiita, "Tekla, njoo, Ulaya imerudi!" Tekla alimpungia mkono, akabaki pale pale kando ya kisanduku hadi saa kumi na mbili kamili. Akasoma, akaandika, akampelekea Mwalimu dirishani.

"Digrii kumi na moja, ukungu, moshi unatambaa chini," Mwalimu alisoma polepole. "Na hapa umeacha wazi. Je, mlima?"

Tekla akasimama wima.

"Mlima sikuuona, Mwalimu."