Chumba cha Mama Kina Wageni

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na mbili, nimeachika, sina mtoto. Nakaa Hamriya, hapa Maskati, kwenye fleti niliyokuwa nikiishi na mama yangu. Nikilia humu ndani mtanisamehe...

Mama aliletwa kutoka Unguja akiwa bi harusi, mpaka kijijini kwa baba huko milimani. Nyumba ya udongo, maji ya falaji, ule mfereji wa kijiji, yakipita mlangoni, makomamanga nyuma. Humo alituzaa mimi na kaka yangu Seif. Tulipohamia mjini, mama alikiacha kitanda chake kimetandikwa. Ombi lake lilikuwa moja tu, kwamba siku zake zikikaribia tumrudishe chumbani kwake.

Watalii walipoanza kupanda milima kutazama vijiji vya kale, Seif akafunga gereji yake ya mtaa wa Ghala, hapa mjini, akaigeuza nyumba ile kuwa ya wageni. Tulifurahi jamani! Kijiji kilikuwa kimebakiwa na popo na wazee wachache. Seif akaapa mbele ya mama kuwa chumba chake hakitaguswa.

Kaka yangu huyo! Tumbo moja!

Baridi ilipoingia, mama akaishiwa nguvu. Daktari akasema nimpeleke anakotaka. Nikampigia Seif. Akanijibu chumba cha mama kina wageni, tungoje waondoke. Wakaondoka, wakaingia wengine... Nikamtukana, nikamwambia nakuja kuwatoa kwa mikono yangu. Mama akanishika kanga.

"Waache, mwanangu. Wageni hao. Mie nnangoja."

Ndivyo tulivyolelewa sisi. Mtu akishakunywa kahawa yako, humwambii toka. Seif aliijua vizuri tabia hiyo ya mama, akaitumia.

Basi mama akangoja. Kila asubuhi akiniuliza, "Wameshaondoka?" Nami nikimjibu bado. Alifia hapa hapa Hamriya, anatazama ukuta wa jirani. Ya Rabbi, kosa lake lilikuwa nini?

Baada ya arobaini nikapanda kijijini kuchukua mto wake. Nikasimama mlangoni. Seif alikuwa ndani na watalii, anawasimulia historia ya kijiji kwa Kiingereza. Akaupapasa mto wa mama, akasema mama yake alitamani kufia kwenye chumba hiki, na kitanda hiki hiki ndicho alichokatia roho, anatabasamu. Mzungu mmoja akafuta machozi. Wakapiga picha.

Mke wa Seif akaniletea kahawa na tende, akanitaka radhi kuwa sitaweza kulala, vyumba vyote vimejaa.

Ndugu zangu mnaosoma, fungueni nyumba zenu kwa wageni mkitaka. Lakini mzee wenu akiomba kurudi kwake, mpelekeni siku hiyo hiyo, mgeni anune atakavyo! Mimi nilimtii mama, na utii huo ndio unaonila.

Mpaka leo kukicha namsikia, wameshaondoka?

Bado, mama... Bado.