Maduara ya Mto wa Mahameni

Kila asubuhi Mwanaasha aliteka maji, akampikia bibi yake uji, kisha akashika njia ya shule peke yake. Mwaka ule wa 1975, watu wa kitongoji chao huko Kurui walikuwa wamehamia kijiji cha ujamaa kando ya barabara. Nyuma yalibaki mahame na nyumba moja tu, ya bibi. Bibi alikuwa akiumwa miguu, akaruhusiwa kungoja hadi mavuno ndipo ahamie.

"Mwanaasha wa mahameni!" Kibwana alimwita darasani. "Jana uliongea na nani? Na kuku?"

Watoto walicheka. Lililouma ni kwamba ilikuwa kweli.

Ndipo akaja Bi Justa, fundi wa maji kutoka Kibaha, kutafuta mahali pa kuweka pampu ya kijiji. Alisimamisha kamera juu ya daraja la magogo, ikatazama chini mtoni. Mwanaasha alipewa kazi ya kumwaga pumba za mpunga juu ya maji.

"Nikiacha jicho la kamera wazi kwa muda kidogo, kila pumba inachora mstari mweupe kwenye picha," Bi Justa alieleza. "Mstari mrefu, maji yana mbio. Mfupi, yanajikokota. Ukiona duara, maji yanajizungusha palepale na kukusanya uchafu. Hapo hatuweki pampu."

Siku tatu walifanya kazi, wakala mihogo pamoja, na Bi Justa akasikiliza hadithi zote za Mwanaasha kuhusu kuku wake. Siku ya nne akasema, "Leo picha ya mwisho. Mistari ikinyooka, nimemaliza, sirudi. Ikizunguka, itabidi nije kuipiga upya."

Mwanaasha alimwaga pumba. Bi Justa alipotazama saa yake ili ahesabu sekunde, Mwanaasha aliingiza fimbo majini chini ya matete, akakoroga.

Wiki iliyofuata picha ilipita mikononi mwa watu mkutanoni. Maduara matupu!

"Ajabu," alisema Bi Justa. "Nipeni siku chache niipige tena."

"Tumengoja mno, binti yangu," alijibu mwenyekiti, Mzee Mwinyimadi. "Pampu iende kule chini, ng'ambo ya msitu."

"Kule ni mwendo wa saa nzima!" alimaka mama mmoja mjamzito. "Ndoo utanibebea wewe, mwenyekiti, au huyu aliyemo tumboni?"

Watu waliangua kicheko. Mama yule hakucheka. Alijishika kiuno, akakaa chini taratibu. Mwanaasha alimwona, akasimama.

"Shikamooni. Maduara hayo ni yangu. Nilikoroga maji kwa fimbo."

"Kwa nini, mtoto wewe?" aliuliza Mzee Mwinyimadi.

"Nilitaka Bi Justa arudi."

Safari hii hata Kibwana hakumcheka.

Picha ilipigwa upya mbele ya mwenyekiti. Iliposafishwa, mistari ilikuwa imenyooka kama nywele zilizochanwa, na pampu ikapangiwa palepale, karibu na kijiji.

Bi Justa alipokuwa akifunga mizigo, alimwita Mwanaasha.

"Upweke si kosa," alimwambia. "Kosa ni kutaka kuwatembeza kina mama saa nzima kwa sababu yake. Ukimhitaji mtu, mwambie. Anaweza kukataa, lakini akija, atakuwa amekuja kweli."

"Basi, utakuja?"

Bi Justa alifikiri kidogo. "Kabla ya mavuno, mara moja. Zaidi ya hapo siahidi, nisije nikakudanganya na mimi."