Tawi la Miiba Chini ya Kibao

Jioni ile Gaudiose alitumwa mtaa wa Marshalltown kusugua kibao cha shaba. Digrii ya historia, miaka minne ya kuomba kazi, na sasa tambara na kopo la dawa ya kung'arishia! Lakini Firmin, Mkongomani anayesimamia ziara za watalii, alimwambia wazi: kibao kiwake kabla ya giza, naye asimulie habari zake bila kigugumizi, kazi ya kuongoza watalii ni yake. La sivyo arudi chumbani kwake Yeoville akalale na vyeti vyake.

Kibao chenyewe kilimsifu mhandisi aliyejenga jumba lile mwaka 1911. Vibarua kumi na wanane waliofukiwa wakichimba msingi hawakupewa hata nukta. Hayo Gaudiose aliyasoma maktaba.

Akasonya. "Bwana mkubwa jina mara tatu. Voilà, historia."

Chini ya kibao, kwenye ukuta unaonuka mikojo, mtu alikuwa ameegemeza tawi la miiba.

"Na wewe nani kakutupa hapa? Haya twende, uchafu wewe."

Akalibeba kwa ncha za vidole. Kwenye roboti, zile taa za barabarani, akalisemesha tena kwa dhihaka: "Sasa tunavuka barabara, mheshimiwa. Angalia magari." Akalitumbukiza kwenye pipa ng'ambo, akarudi.

Alipoanza kusugua, tambara likateleza.

Mafuta... Si ya dawa. Ya manjano, mazito, kama ya kondoo yaliyoganda, na ndani yake vinywele. Akafuta. Yakatoka mengine. Kisha harufu: buti la mpira lisilovuliwa wiki nzima, udongo mbichi, nyama iliyofungiwa ndooni. Ikamjaa kinywani. Akatema.

Mate yakatoka na mchanga.

"Mana yanje... Mungu wangu..."

Nyuma yake... chwap. Chwap.

Aligeuka. Hakuna mtu. Ila kule konani bibi mmoja mwenye blanketi begani alikuwa anakuja, anahema.

"Tawi langu liko wapi?" akauliza kwa Kizulu.

"Nimelitupa, gogo," akajibu, akimwita bibi kwa Kizulu hichohicho. "Nilidhani takataka."

Bibi akashika kichwa, akaeleza. Alikuwa ametoka Nongoma kumchukua babu wa baba yake, mmoja wa wale kumi na wanane. Kwao marehemu huitwa pale alipofia, akapanda kwenye tawi lile, akasemeshwa njia nzima mpaka nyumbani. Alikwisha kumwita. Kisha yeye bibi akasogea kidogo tu kumwelekeza mwanawe alete gari.

"Ulipolibeba, ulisema lolote?"

Gaudiose akameza mchanga. "Nilisema... twende. Na kwamba tunavuka barabara."

"Basi ameshika sauti yako, mntanami, mwanangu." Bibi alinong'ona, akitazama juu ya bega la Gaudiose. "Funga mdomo. Nakimbilia tawi jingine soko la waganga pale Faraday, nije nimwite upya. Ukinyamaza, atangoja. Ukisema neno kabla sijarudi, ni wako."

Gaudiose akabana meno, akasugua. Mafuta yakakatika. Shaba ikawaka.

Pikapu ya Firmin ikasimama.

"Dis donc! Kibao iko nawaka! Haya ma sœur, dada yangu, mimi ni mtalii, sijui kitu. Nisimulie."

Gaudiose akaweka kidole mdomoni, akatikisa kichwa.

"Nini? Umekuwa bubu? Na kelele zote zile ulizonipigia asubuhi!" Akatazama simu. "Joséline anaitaka kazi hii, na yeye mdomo anao. Nakupa mpaka tatu. Moja."

Kitu baridi, chenye utelezi, kikagusa kisogo cha Gaudiose.

"Mbili."

Kikapumua.

Akatazama kona. Bibi hayupo. Miaka minne, jamani... miaka minne!

"Jumba hili," akasema, "lina watu kumi na wanane chini yake..."

Harufu ikamshuka kooni kama uji wa jana.

Firmin akapiga makofi. "Sharp! Kesho asubuhi unaanza. Panda nikusogeze."

Akapanda. Mlango ukafungwa. Nyuma, mahali pa mizigo, pikapu ikabonyea polepole, springi zikalia.

Firmin akabana pua. "Eish... umepakia nini, dada?"

Kwenye kioo cha pembeni bibi alikuwa anakimbia, tawi bichi mkononi, akipunga. Firmin akaongeza kasi.

Gaudiose alifumbua kinywa amwambie asimame.

Ukatoka mchanga. Mchanga mtupu.